Pasi ya Mkaa na Shati la Kikao



Nani kati yetu hajapata kuunguza nguo kwa pasi ya mkaa? Wengi tumekua nayo: chuma kizito chenye mpini wa mti, matundu ubavuni ya kupitisha hewa, na mara nyingi jogoo mdogo wa chuma wa kufungia kifuniko. Unatia makaa, unaipunga mpaka yakolee, unaipitisha juu ya jani bichi la mgomba kuondoa masizi, ndipo unaanza kazi. Haikutaka waya, na ilidumu hata mtoto akairithi. Lakini cheche moja ikiruka, nguo imekwisha. Tena makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Pasi ya umeme si kitu cha jana. Henry Seely wa New York alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1882. Ila kwa miaka mingi haikuwafaa watu, kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na penginepo uliwashwa usiku tu, kwa ajili ya taa.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Ontario, California, mwanzoni mwa karne ya 20. Earl Richardson, msimamizi katika kampuni ya umeme ya huko, aliwapa wateja pasi alizotengeneza wazijaribu. Kampuni nayo ikakubali kuwasha mitambo mchana siku ya Jumanne, siku ya kupiga pasi. Akina mama wakatoa lawama yao: pasi inazidi moto katikati, nao wanataka moto uwe kwenye ncha, ipite vizuri penye vifungo na marinda. Richardson akasikia, akaibadilisha. Pasi hiyo ikaitwa Hotpoint, maana yake ncha ya moto.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya shati moja. Katika kambi ya shamba letu la chai, jenereta ilikuwa ikiwashwa saa moja usiku na kuzimwa saa tatu. Usiku wa kuamkia kikao na mwajiri, cheche ilitoboa shati jeupe la pekee la mwenyekiti wa tawi letu. Tulipofika mezani tuliambiwa kuwa mambo ya nyumbani si mambo ya kazi. Mwenyekiti akasimama, akavua koti, akaonyesha tundu. Hakuna aliyecheka.

Tulidai umeme wa mchana. Hatukupata wote. Tulipata saa mbili kila Jumapili alasiri, na sare za watoto wetu hazitobolewi tena.

Basi ndugu, usiseme kero ya nyumbani ni ndogo mno kwa chama. Nung'uniko la mmoja huishia jikoni. La wote hufika mezani. Mpelekee katibu wa tawi lako, aliandike.