Aisingi na frostingi

Aisingi na frostingi ni mapambo matamu yanayopakwa juu ya keki. Nchini Tanzania yote mawili huitwa aisingi, lakini hutofautiana kwa mafuta.

Aisingi haina mafuta: gramu 100 za sukari ya unga huchanganywa na kijiko kimoja cha chakula cha maji au maji ya limau. Humiminwa juu ya keki na ikikauka huwa ngumu.

Frostingi ni krimu ya siagi: gramu 100 za siagi laini hupigwa pamoja na gramu 200 za sukari ya unga hadi iwe nyeupe na nyororo.

Siagi huyeyuka kwenye joto la takriban sentigredi 32 hadi 35. Kwa hiyo, kwenye joto kali pasipo jokofu, keki ya sherehe hupambwa kwa aisingi, kwa kuwa frostingi huweza kuteleza kabla ya keki kukatwa.