Je, Wajua? Ubongo Wako Haujawahi Kuliona Jua

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na humo ni giza tupu. Mwanga hauingii, harufu haiingii, wala joto la jiko halifiki. Kinachofika ni mapigo madogo ya umeme yanayosafiri kwenye neva, kila pigo likiwa na nguvu ya takriban sehemu ya kumi ya volti. Miaka ya 1920 Mwingereza Edgar Adrian alifaulu kuyanasa mapigo ya neva moja moja katika maabara ya Cambridge, akakuta jambo linalonistaajabisha kila ninapolifikiria: mapigo yanayoleta habari ya mwanga ni ya namna ile ile na yale yanayoleta habari ya mguso. Hata ukibanwa kidole kwa nguvu zaidi, pigo haliongezeki ukubwa. Huja mapigo mengi zaidi kwa sekunde. Mwaka 1932 Adrian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington.

Sasa ubongo unajuaje kama hii ni sauti na ile ni mwanga? Huangalia habari imeingia kwa njia ipi. Fumba macho, kisha bonyeza kope kwa upole sana kwenye kona ya nje ya jicho moja. Upande wa pili, karibu na pua, utaona kiduara chenye mng'ao. Hakuna mwanga ulioingia. Retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, imeguswa tu, lakini kwa kuwa neva ya jicho haijui kupeleka habari nyingine isipokuwa za mwanga, ubongo umeuhesabu mguso ule kuwa mwanga. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na jambo hilo.

Je, wajua kwamba pilipili haiunguzi ulimi?

Tafuna pilipili mbuzi: mdomo utawaka, jasho litatoka usoni, kamasi zitachuruzika. Kwa hakika hakuna kilichoungua. Kwenye ncha za neva za ulimi kuna protini zinazofunguka joto likipita takriban nyuzi 43 za Selsiasi, kiwango ambacho joto huanza kuwa la hatari kwa mwili. Zikifunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia ndani ya neva, na neva hupeleka habari ya moto. Kemikali iliyomo kwenye pilipili, kapsaisini, hujishika kwenye protini hizo hizo na kuzifungua hata kama mdomo una joto lake la kawaida. Ubongo hauna pa kwenda kuhakikisha. Umeletewa habari ya moto kupitia neva ya moto, basi unaagiza jasho litoke ili mwili upoe.

Ndiyo maana pia maji hayasaidii sana. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo glasi ya maji huizungusha tu mdomoni. Maziwa yana mafuta, tena yana protini inayoing'oa kapsaisini ulimini. Maziwa au mtindi ndiyo dawa.

David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliitafuta protini hii kwa subira kubwa. Walikusanya mamilioni ya vipande vya DNA kutoka kwenye neva za hisi, wakavipandikiza katika seli ambazo kwa kawaida pilipili haizisumbui, kisha wakazimwagia kapsaisini na kusubiri ni zipi zitakazoshtuka. Mwaka 1997 walitangaza kwamba jeni yenyewe wameipata. Baadaye ikagunduliwa protini nyingine inayopokea baridi, na hiyo ndiyo inayodanganywa na mentoli ya mnanaa: peremende haipozi mdomo kwa hata nyuzi moja, bali huifungua protini ya baridi.

Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut aliyehamia Marekani akiikimbia vita ya Lebanon, aliuliza swali la mguso. Timu yake ilizidunga seli kwa vijibomba vyembamba vya kioo na kupima umeme uliotoka. Wakaorodhesha jeni 72 zilizoshukiwa, wakawa wanazizima moja baada ya nyingine, mpaka ilipozimwa ile ambayo bila yake seli haikuhisi tena kudungwa. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Mwaka 2021 Julius na Patapoutian walitunukiwa Nobel ya tiba kwa pamoja.

Na kuku? Umewahi kumwona akidonoa pilipili zilizoiva bila hata kutikisa kichwa? Kuku anayo protini ya joto na moto anausikia barabara, lakini ya kwake ina umbo tofauti kidogo ambalo kapsaisini hailishiki. Mmea wa pilipili hufaidika kwa hilo. Wanyama wenye meno huzisaga mbegu zake, ndege huzimeza nzima na kwenda kuziangusha mbali.

Mnyama wa kwetu asiyeumwa na asidi

Chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi ya waridi iliyokunjamana na meno yaliyochomoza nje ya midomo. Huishi kwa makundi makubwa katika mashimo yasiyopitisha hewa vizuri, ambamo kabonidayoksaidi hujaa. Gesi hiyo ikikutana na unyevunyevu wa macho na pua hugeuka asidi, na kwa wanyama wengine ingewasha vibaya.

Mwaka 2008 Thomas Park, Gary Lewin na wenzao walieleza kwamba fuko huyu hajali asidi wala kapsaisini ikiwekwa kwenye ngozi yake. Ukimfinya anaumia, ukimgusisha kitu cha moto anaondoa mguu haraka. Kinachovutia ni jinsi anavyoepuka maumivu ya asidi na kapsaisini. Kwa asidi, neva zake hazipigi kabisa. Kwa kapsaisini, neva zinapiga kama kawaida, ila habari ikifika kwenye uti wa mgongo haigeuki kuwa maumivu. Neva kupiga ni jambo moja, kuumia ni jambo jingine, na mnyama huyu mdogo anatuonyesha pengo lililopo kati ya hayo mawili.

Ukijikwaa, maumivu huja mara mbili

Unapojikwaa kwenye kizingiti, kwanza unahisi umegonga kitu. Papo hapo unakuja uchungu mkali kama sindano, halafu, baada ya muda mfupi wa matumaini, yanafika maumivu mazito yanayokaa. Hizo ni neva za aina tatu, kila moja na mwendo wake. Neva za mguso zimevikwa ala ya mafuta na hupeleka habari kwa mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Za uchungu wa kwanza zina ala nyembamba na huenda mita 5 hadi 30. Za maumivu mazito hazina ala hata kidogo, na mwendo wake ni kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea. Kutoka kidole cha mguu hadi kichwani ni safari ndefu kwa mwendo huo.

Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyepima mwendo wa neva kwa mara ya kwanza, kwa mguu wa chura, karibu mwaka 1850. Alipata kama mita 30 kwa sekunde. Mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa amefundisha kwamba jambo hilo pengine halitapimika kamwe.

Na mkono unaokimbilia kusugua pale palipogongwa haukosei. Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza mwaka 1965 kwamba habari za mguso zinazoingia kwenye uti wa mgongo huzibana habari za maumivu zisipande zote kwenda juu. Nadharia yao imerekebishwa hapa na pale tangu wakati huo, lakini msingi umesimama: kusugua kunapunguza maumivu kweli, na mama anayempapasa mtoto aliyeanguka anamtibu.

Maumivu yakitoweka

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana jambo hili lingali linaumiza watu bure.

Vidole vya mtu mwenye ukoma havidondoki vyenyewe, ingawa wengi tumekua tukiambiwa hivyo. Bakteria aliyeonwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873 hushambulia neva, hasa zile zilizo karibu na ngozi kwenye sehemu za mwili zenye ubaridi. Neva zikifa, mkono hauhisi. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India, aliwafuatilia wagonjwa wake katika shughuli zao za kila siku na kuona madhara yanatoka wapi: sufuria ya moto iliyoshikwa bila kitambaa, msumari ndani ya kiatu uliokanyagwa kutwa nzima, kidonda kilichoendelea kufanyishwa kazi. Wengine waliamka asubuhi na kukuta sehemu ya kidole haipo. Panya walikuwa wamekitafuna usiku, na aliyelala hakuhisi lolote. Brand akaagiza wagonjwa wafuge paka.

Wapo pia wanaozaliwa bila kuhisi maumivu. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu familia za kaskazini mwa Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao walikuwa na hitilafu katika jeni moja, SCN9A, inayoziwezesha neva za maumivu kupiga. Uchunguzi huo ulianza kwa mvulana aliyekuwa akijichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto mbele ya watu barabarani. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa.

Kwa hiyo baka kwenye ngozi lenye rangi iliyofifia na lisilohisi ukiligusa halifai kupuuzwa. Ukoma unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Mwenye kisukari naye akague nyayo zake kila jioni, katikati ya vidole pia. Neva zinazofika miguuni ndizo ndefu kuliko zote, na ndizo sukari nyingi huziharibu mapema.

Jicho lina tundu usiloliona

Nyosha mikono yote miwili mbele, vidole gumba viwe juu na vikaribiane. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kazia macho gumba la kushoto, huku ukilisogeza la kulia polepole kuelekea nje. Yakiachana kwa chini kidogo ya shubiri, ncha ya gumba la kulia itapotea. Mfaransa Edme Mariotte aligundua upofu huo mdogo miaka ya 1660. Upo pale ambapo nyuzi za neva ya jicho, kama milioni moja, hukusanyika na kutoka, na mahali hapo hapana seli za kupokea mwanga. Mbona basi huoni shimo kila utazamapo? Ubongo hupajaza kwa kile kilichopo pembeni: ukuta ukiwa mweupe, unapajaza weupe.

Masikio hutegemea macho

Sauti ikitoka kushoto hufika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia, kwa tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde, na kwa kadiri hiyo ndogo ubongo hujua aliyekuita yuko wapi. Lakini katika kuyatambua maneno huomba msaada wa macho. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu filamu ya mtu ambaye midomo yake inatamka "ga", huku sauti iliyowekwa ni "ba". Wengi walisikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Hata anayeijua siri hiyo huendelea kusikia "da". Ndani ya daladala yenye kelele, ukimtazama jirani yako mdomoni utamwelewa zaidi.

Tembo wa Amboseli wanajua nani anaongea

Tembo wa Afrika ana takriban jeni 2,000 za kupokea harufu; binadamu tuna kama 400. Mwaka 2007 Lucy Bates na wenzake walieleza walichokiona Amboseli, Kenya, walipowanusisha tembo nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimasai, na nyingine zilizovaliwa na wanaume wa Kikamba. Nguo ya Mmasai, ambaye kimila mkuki wake ulikuwa tishio kwa tembo, iliwakimbiza haraka zaidi na mbali zaidi, hadi kwenye majani marefu. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake wakaleta sauti: maneno yenye maana ile ile, kwa Kimasai na kwa Kikamba. Tembo walijihami zaidi waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimasai. Sauti za wanawake na wavulana wa kabila lilo hilo hazikuwatisha kiasi hicho. Kwenye sikio la tembo hizo zote ni mitetemo ya hewa tu. Hatari iliyomo ndani yake aliijua kwa kuishi.

Ubongo wa mtoto haungoji

David Hubel na Torsten Wiesel, washindi wa Nobel ya mwaka 1981, walilifunika jicho moja la mwanapaka katika miezi yake ya kwanza. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, ila karibu seli zote za ubongo zinazoshughulikia kuona zilikuwa zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa aliyefunikwa jicho kwa muda kama huo hakudhurika.

Kwa binadamu, hii ndiyo sababu mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga ni jambo la dharura. Mzee anaweza kusubiri upasuaji kwa miaka na bado akaona vizuri baadaye. Mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito kwenye jicho anahitaji kufanyiwa upasuaji katika wiki zake za mwanzo, kabla ubongo haujazoea kuishi bila jicho hilo. Ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, au mng'ao mweupe kwenye jicho moja katika picha iliyopigwa kwa taa ya simu, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho ndani ya wiki hiyo hiyo. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, nayo ikiwahiwa hutibika.