KAHAMA: Mgodi umefungwa, mji umebaki. Kwa nini?

Leo tuongelee Kahama, mji ambao vijana wengi wa huku kwetu mambo yakikaza ndiko wanakokimbilia kusaka mshiko. Wengi wanadhani Kahama ni dhahabu tu. Siyo kweli!

Kwanza historia kidogo. Bukombe yetu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kahama mpaka ilipomegwa mwaka 1995. Mwaka 2012 sisi tukahamia mkoa mpya wa Geita, wenzetu wakabaki Shinyanga. Kahama ikawa manispaa mwaka 2021, na sensa ya 2022 ikakuta humo watu zaidi ya laki nne. Hapo imeipita Manispaa ya Shinyanga, ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa.

Haya, dhahabu. Pale Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, Barrick wakauchukua mgodi mwaka 1999, na uzalishaji ukaanza 2001. Buzwagi, ambao uko jirani kabisa na mjini, ulianza 2009 ukafunga 2021. Mgodi ukifunga hawaumii wafanyakazi peke yao. Mama ntilie anakosa wateja, mwenye vyumba vya kupangisha anakosa wapangaji, na halmashauri inakosa ushuru wa huduma. Dalili tuliziona tangu 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje: Bulyanhulu walipunguza kazi na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa mbona Kahama haijageuka gofu? Sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni njia. Kahama ni njia panda. Lami inayopita hapa Ushirombo kwenda Rwanda na Burundi inatokea huko, na Isaka kuna bandari kavu ambako mizigo ya reli kutoka Dar inapakiwa kwenye malori. Lori likisimama, kuna fundi, kuna gereji, kuna gesti, kuna msosi.

Ya pili ni mpunga. Mkulima analeta gunia, mashine inakoboa, mchele unapanda gari kwenda mikoani na nje ya nchi. Pumba laini ni chakula cha mifugo, na maganda yanachoma tofali. Hakuna kinachotupwa.

Hapa kuna somo kutoka mbali. Kaskazini mwa Mexico kuna mji unaitwa Monterrey. Mwaka 1890 kilijengwa kiwanda cha bia. Bia inataka chupa, basi mwaka 1909 kikaanzishwa kiwanda cha vioo. Kiwanda kikazaa kiwanda. Mji huo ulikuwa pia na kiwanda kikubwa cha chuma kilichoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1986 kikafilisika, maelfu wakapoteza ajira. Lakini mji haukufa, maana vile vingine vilikuwepo. Eneo la kile cha chuma leo ni bustani ya kupumzikia.

Kahama nayo iko kwenye mtihani huohuo. Eneo la mgodi wa Buzwagi limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, wa kuvutia viwanda. Wazo zuri, ila uzio na hati havikobi mchele wala havichongi kipuri. Swali ni nani atatengeneza mifuko ya mchele, vipuri vya mashine za kukoboa, vipuri vya makarasha ya wachimbaji wadogo, bodi za malori? Ukiangalia vizuri, wateja wako tayari. Kazi ni kwa mwenye ujuzi.

Kwa hiyo kijana unayepanda basi kwenda Kahama, usiende kutafuta "mgodi" tu. Dhahabu ina mwisho wake, na Buzwagi imetuonyesha mwisho huo ndani ya miaka 12 tu. Kuchomelea, kuchonga vyuma, umeme wa mashine, hivyo vinakula hata mgodi ukifunga. Na sisi Ushirombo tujiulize mapema: malori yanapita mlangoni kwetu kila siku, je, tunayauzia nini zaidi ya soda na mahindi ya kuchoma?

Nawasilisha. Wadau mnasemaje? Mwageni maoni hapo chini, ila bila matusi jamani.