Kitanda, meza, kiti na taa



Miaka michache iliyopita mama yangu alikuja kwangu Dar es Salaam kutoka kijijini, mkoani Njombe, kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari alipanga kumfanyia upasuaji jicho moja kwanza, kisha baada ya wiki kadhaa lifuate la pili. Tulikubaliana akae miezi miwili. Alikaa siku 19. Alfajiri ya siku ya 20 nilimsindikiza stendi ya Mbezi akapanda basi, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijifariji kwamba wazee wa nyanda za baridi ndivyo walivyo, joto la Dar hawaliwezi.

Sababu yenyewe niliambiwa na dada yangu, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, tukiwa kwenye msiba. Mama alikuwa amemwambia kwamba kwangu ni kuzuri sana, ila hakujua akae wapi. Na kwamba kwa siku zote zile aliacha kunywa chai ya jioni, chai aliyoizoea tangu nikiwa mtoto, ili usiku asilazimike kuamka kwenda chooni.

Niliporudi nyumbani nilianza kuitazama nyumba yangu upya. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma na meza ya kioo katikati. Kila mama alipokaa pale na kikombe, mmoja wetu alikimbia kumwekea kitambaa, au kumwambia mtoto amwangalie bibi asimwage. Siku ya tatu alihamia jikoni, akakaa kwenye kigoda na binti wa kazi wakichambua mchele. Sisi tukasema mama anapenda mazungumzo. Mtu aliyetoka kupasuliwa jicho huelekezwa akae mbali na moshi na vumbi. Mama yangu alikuwa anakaa karibu na jiko la mkaa, nasi tulipita hapo kila siku tukamsalimia.

Chumba cha wageni tulikuwa nacho. Ndani yake kulikuwa na viti vya plastiki vya jumuiya, masufuria makubwa ya kamati, na majora ya vitambaa vya sare za kwaya, ambavyo mimi, mhazini, nilikabidhiwa nivitunze. Kwa hiyo mama alilala na wajukuu kwenye chumba chao, na kutoka pale hadi chooni kulikuwa na korido ambayo taa yake iliungua wiki mbili kabla hajafika. Balbu ni shilingi elfu chache. Kila siku nilisema nitanunua kesho.

Nimekuwa nikikisoma tangu ujana kisa cha mwanamke wa Shunemu katika 2 Wafalme sura ya 4, na siku zote nilikimbilia muujiza, yule mtoto aliyefufuliwa. Safari hii nilikwama kwenye aya ya 8 hadi ya 10. Mwanamke yule alikuwa na mali. Alimwona Elisha akipita mara kwa mara, akamkaribisha chakula, halafu akazungumza na mumewe wamtengenezee chumba kidogo, wamwekee vitu vinne: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Biblia haisemi lolote kuhusu mazulia, ingawa uwezo wa kuyanunua alikuwa nao. Alijiuliza mtu aliyechoka njiani anahitaji nini: pa kulala, pa kuweka chakula na vitu vyake, pa kukaa, na mwanga wa kumwonyesha anapokanyaga.

Naomba leo ukitoka ibadani ufanye jambo moja. Mchague mtu aliye dhaifu kuliko wote nyumbani kwako: mzazi mwenye umri, mjamzito, mtoto mdogo, mgonjwa. Usiku zima taa, kisha tembea kama yeye kutoka kitandani kwake hadi chooni na kurudi. Utagundua mwenyewe. Utajikwaa kwenye ndoo iliyoachwa mlangoni. Utatafuta swichi ukutani usiipate. Utakanyaga kile kipande cha zulia kinachoteleza juu ya marumaru. Sakafu ya bafu itakuwa na maji ya sabuni. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mkopo kulirekebisha.

Kiti nacho si jambo dogo. Makochi yetu mengi ni laini na yamezama chini, na mzee mwenye magoti yanayouma akishakaa humo anahitaji kuvutwa ili asimame. Kwa kuwa anaona aibu kuvutwa, haketi. Mnunulie kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka na mikono miwili ya kujiinulia, kimo chake kiwe cha kumwezesha kukanyaga sakafu vizuri. Kiweke karibu na dirisha lenye hewa, mahali anapoweza kuona nani anaingia getini. Mpe meza ndogo isiyo ya kioo, na maji ya kunywa pembeni. Piga misumari michache ukutani atundike nguo na mfuko wake, maana mtu ambaye vitu vyake vimo ndani ya begi chini ya kitanda hujiona yuko safarini hata akikaa mwaka. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa bapa walilozoea kukaa juu yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Usalama wa nyumbani umo katika Torati. Kwetu ukingo huo ni mafuta ya taa kutowekwa kamwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Ni vidonge vya presha vya bibi kuwekwa juu, mbali na mikono ya wajukuu. Na kwa ndugu zangu wa Njombe, Makete na Mufindi, hasa Juni hadi Agosti, ni kutoingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala kilichofungwa. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala akisikia joto zuri, asiamke. Ondoa jiko kabisa kabla ya kulala, hata kama linaonekana limezimika, ongeza blanketi.

Sasa yule binti aliyekuwa akichambua mchele na mama yangu. Nilipokuwa nikitembea gizani kama mama, niligundua kwamba sikujua yeye analala saa ngapi. Nikamuuliza. Alilala saa 5 usiku baada ya vyombo, akaamka saa 10 alfajiri kuwaandaa watoto wa shule. Saa tano. Jumapili, siku tunayoiita ya mapumziko, ndiyo siku yake ngumu kuliko zote, kwa sababu tunarudi kutoka kanisani na wageni na pilau inatakiwa iwe tayari. Amri ya sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja watumishi wa kiume na wa kike kwa makusudi, wapumzike sawasawa na bwana wao. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unataka wapate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Musa alitangulia kwa karne nyingi, na bado kwangu mimi, mzee wa kanisa, binti wa watu hakuwa na hata nusu siku.

Tulichofanya kinafanana na mana. Katika Kutoka sura ya 16 Waisraeli waliokota mara mbili siku ya sita na kupika mapema, ili siku ya saba wapumzike. Wenzetu Wasabato wanalifahamu hili vizuri, Ijumaa kwao ni siku ya maandalizi. Sisi tunaosali Jumapili tumejaza Jumamosi yetu harusi na vikao, kisha asubuhi ya ibada tunagombana juu ya pasi na umeme uliokatika. Siku hizi kwetu nguo zinapigwa pasi Jumamosi kabla ya saa 12 jioni, maharage yanachemshwa siku hiyo hiyo, na Jumapili kila mtu anaosha sahani yake, mimi nikiwemo. Binti anakwenda ibadani, na alasiri ni yake. Wageni wakija wanakula maharage. Mpaka leo hakuna aliyelalamika, ingawa nakiri kwamba mke wangu aliona haya wiki mbili za kwanza.

Kuhusu watoto nitasema kidogo. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate usingizi wa saa 9 hadi 12, na mtu mzima angalau saa 7. Piga hesabu: kama anaamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, basi ifikapo saa 2 usiku awe amelala, si ndiyo kwanza anasubiri chakula. Na Zaburi ya 127 inauhesabu usingizi kuwa zawadi ya Mungu kwa awapendao. Nyumba nyingi zinachelewa kula kwa sababu zinamsubiri baba, na baba yuko kwenye kikao.

Hapo ndipo pananiuma. Kwa miaka sita jioni zangu zilikuwa hivi: Jumatatu kamati ya fedha, Jumatano kwaya, Alhamisi jumuiya, Ijumaa kamati ya harusi ya mtu fulani, Jumamosi harusi yenyewe au msiba. Yote mema. Mama alipokuwa kwangu siku zile 19, nilikula naye chakula cha jioni mara nne. Nimehesabu.

Tunapenda kuwakumbusha wachungaji ushauri wa Yethro kwa Musa, kwamba agawe kazi kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Soma sura ile ya 18 ya Kutoka tangu mwanzo. Yethro alikuwa amekuja na mke wa Musa, Sipora, na watoto wao wawili, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwa mkwewe. Wamefika, wamesalimiana, wamekula. Na kesho yake Musa akaenda kukaa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Hapo ndipo mkwe akafungua kinywa. Sijui kama alikuwa anawatetea watu waliopanga foleni peke yao, au na binti yake pia.

Niliacha uhazini wa kwaya. Haikuwa rahisi, na wapo walionong'ona kwamba nimepoa kiroho. Mchungaji alinisikiliza, akaniambia nibaki na kamati moja. Tulikubaliana na mke wangu jioni tatu za wiki ziwe za nyumbani, simu zikae juu ya friji wakati wa kula. Michango ya harusi tumeiwekea kiwango kwa mwezi; kikiisha, tunaomba radhi. Makochi ya sebule, ambayo nilikuwa bado nayalipia mkopo wakati mama anakaa kwenye kigoda, yamevuliwa vitambaa. Yana madoa sasa. Mithali 17:1 inapima karamu yenye ugomvi na kipande kikavu chenye utulivu, nasi tulikuwa na karamu.

Viti vya plastiki na masufuria vilirudi kanisani kwenye stoo, vilikopaswa kuwa tangu mwanzo. Chumba kikapakwa chokaa, kikapata balbu, na korido pia. Nilimwagiza fundi wa mtaani kiti cha mbao. Kisha nikampigia mama simu. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili halafu kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu cha Kiswahili niliona hakitoshi. Alicheka, akasema, "Baba, hayo yalishapita." Kuhusu kuja hakujibu. Jicho la pili lilikuwa limesubiri kwa zaidi ya mwaka, na dada alisema sasa anapapasa ukuta akitoka nje.

Ilimchukua miezi minne kukubali. Nilimpokea stendi usiku, tukafika nyumbani karibu saa 4. Nilimwonyesha swichi iliyo karibu na kitanda, akaiwasha na kuizima mara mbili. Akakaa kwenye kiti, akashika mikono yake yote miwili, akasimama mwenyewe, akakaa tena. Watoto walikuwa wameshalala. Baada ya kula aliuliza kama kuna chai. Mke wangu alimletea, akanywa polepole akituhadithia habari za mvua na bei ya viazi, kisha akasukuma kikombe mezani na kuomba cha pili.