Karatasi ya Majibu Haitibu

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita dada yangu aliniita kwake, akafunga mlango, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikuta katika mfuko wa koti la mumewe. Ilikuwa majibu ya kipimo cha choo alichofanyiwa shemeji miezi minne nyuma, alipokwenda kupima afya. Iliandikwa kwamba chooni mwake imeonekana damu, na kwamba aonane na daktari wa matumbo kwa uchunguzi zaidi. Hakwenda.

Nilipomwuliza, alicheka. "Shemeji, mimi nina bawasiri tangu ujana. Tena nilirudia kipimo mahali pengine, kikatoka safi. Sasa niende kutafuta nini?"

Leo nataka tulitazame jibu hilo, maana ni la watu wengi, na ndani yake mna makosa mawili.

Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa ndani wa utumbo. Kwa kawaida hakiumi. Huweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani, na vingi havigeuki kabisa. Lakini baadhi yake, na saratani yenyewe ikiwa bado changa, huvuja damu kidogo ambayo jicho haliioni. Damu hiyo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha choo.

Kosa la kwanza la shemeji ni kurudia kipimo. Kinyama hakivuji kila siku. Leo kinavuja, kesho kimenyamaza. Kwa hiyo kipimo cha pili kikitoka safi hakifuti cha kwanza. Kosa la pili ni kuisingizia bawasiri. Mtu aweza kuwa na bawasiri na kinyama kwa wakati mmoja. Wa kusema damu inatoka wapi ni yule aliyetazama ndani.

Kutazama ndani huko huitwa kolonoskopi. Mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha ili utumbo usafike. Kisha, mara nyingi akiwa amechomwa sindano ya kumtuliza, daktari hupitisha katika njia ya haja kubwa mpira mwembamba wenye kamera na taa. Akikuta kinyama, mara nyingi hukikata papo hapo na kukipeleka maabara. Hapo uchunguzi umekuwa pia kinga. Najua sisi wanaume tunaona aibu. Shemeji mwenyewe, baada ya kikombe cha pili cha chai, alikiri kuwa bawasiri ilikuwa kisingizio tu.

Je, asiyekwenda hupata hasara gani? Huko Italia, katika jimbo la Veneto, watafiti walifuatilia habari za watu zaidi ya 110,000 wa umri wa miaka 50 hadi 69 ambao kipimo chao cha choo kilionyesha damu kati ya mwaka 2004 na 2017. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kwa hesabu ya miaka 10, katika kila watu 1,000 waliokwenda kutazamwa, karibu 7 walikufa kwa saratani hiyo. Katika kila 1,000 ambao hawakwenda, walikufa 16.

Tena katika kila 1,000 hao waliokwenda, waliopatikana na saratani kwa miaka yote hiyo 10 walikuwa karibu 45 tu. Kwa hiyo karatasi ile si hukumu ya kifo. Ni swali linalongoja jibu.

Na lisingoje mno. Utafiti wa California, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusu wagonjwa zaidi ya 70,000, ulionyesha kwamba waliokawia kupita miezi 10 walikutwa na saratani zaidi, na iliyokwisha kukomaa. Basi hakuna haja ya kukimbia usiku, lakini mwaka usipite.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukipewa majibu ya namna hii usitoke hospitali bila barua ya rufaa na tarehe. Uliza ni nani atakayekuita, na kama siku zikipita kimya, rudi ukaulize wewe. Ukitolewa kinyama, fuata majibu ya maabara, na uliza utazamwe tena lini. Ukionekana safi, uliza vilevile. Na mwonyeshe karatasi hiyo mtu mmoja wa nyumbani, maana wawili hawasahau kama mmoja.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji amepata tarehe: ni Jumanne ijayo. Dada yangu ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, nami nimeahidi kumsindikiza. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.