Ujana ni Moshi

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Juzi mzee mmoja, jirani yangu, alinionyesha kichupa cha vidonge alichonunua kwa sehemu ya pensheni yake. Aliambiwa vitamrudishia ujana kwa kuamsha seli zake. Aliniuliza: je, ni kweli?

Swali lake si la kipuuzi. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikilelewa maabara hujigawa mara 50 hivi, kisha husimama. Sababu mojawapo ilijulikana baadaye. Kila kromosomu, yaani uzi unaobeba urithi wetu, ina kinga kwenye ncha zake iitwayo telomea, mfano wa kile kiplastiki cha ncha ya kamba ya kiatu. Seli inapojigawa, telomea hupungua. Ikiwa fupi mno, seli hukoma kujigawa.

Mwaka 1984, Elizabeth Blackburn na mwanafunzi wake Carol Greider waligundua kimeng'enya kinachorefusha telomea. Kinaitwa telomerasi. Katika seli zetu nyingi kimezimwa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walikiwasha katika seli za binadamu maabara, nazo zikaendelea kujigawa kupita kikomo chake. Wagunduzi hao wawili, pamoja na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Basi kwa nini sote tusiwashe telomerasi? Hapo ndipo penye mwiba. Seli isiyojua kusimama ndiyo seli ya saratani. Takriban saratani 9 kati ya 10 hutumia telomerasi hiyo hiyo ili zisichoke kukua. Kumbe kikomo kile kinachotuzeesha ni breki pia. Aidha, seli nyingi za moyo na ubongo hazijigawi tena ukubwani, na bado huzeeka kwa njia nyingine.

Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kurefusha maisha ya binadamu kwa kurefusha telomea. Nikamwambia, mzee wangu, fedha iliyobaki inunulie samaki na matunda, pima shinikizo la damu, na sigara hiyo iache.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama muuzaji atamrudishia fedha zake. Hilo, ndugu wasikilizaji, sikuweza kumjibu.