Safari ya Moroko (2): Kulala katika riadi, nyumba inayotazama ndani

Wiki iliyopita tuliishia kwenye lango la mji mkongwe wa Fez, pale teksi inapomshusha abiria kwa kuwa magari hayaendi mbele ya hapo. Leo tunaingia. Mizigo inapakiwa kwenye mkokoteni au juu ya punda, mchukuzi anatangulia huku akipaza sauti watu wampishe, na mgeni anafuata vichochoro vinavyozidi kuwa vyembamba. Njia inakomea kwenye ukuta mtupu wenye mlango wa mbao. Hakuna dirisha, hakuna baraza, wala dalili yoyote ya kipato cha mwenye nyumba. Mgeni anagonga, anafunguliwa, anapita ukumbi mwembamba wenye kona, kisha anajikuta chini ya mbingu tena, katika ua wenye michungwa, chemchemi na kuta za vigae vya rangi.

Hiyo ndiyo riadi. Wenyewe hasa huita riadi nyumba ambayo ua wake umepandwa bustani. Isiyo na bustani huitwa dar. Utalii umeyachanganya majina hayo, na siku hizi karibu kila nyumba ya kale inayolaza wageni hutangazwa kuwa riadi. Tofauti ipo kweli, nayo yatokana na ardhi. Fez imebanwa bondeni, hivyo nyumba zake zimekwenda juu na ua ni mdogo. Marrakech iko kwenye tambarare, na huko bustani ilipata nafasi: njia mbili zinakatana katikati penye chemchemi, zikiigawa bustani sehemu nne. Mpango huo ni wa zamani sana. Karibu na msikiti wa Kutubiya, Marrakech, yalifukuliwa mabaki ya bustani ya namna hiyo katika kasri la Ali bin Yusuf, mtawala wa dola ya Almoravidi katika karne ya 12. Baadaye Waislamu waliohama Andalusia, hasa Granada ilipoanguka mwaka 1492, walikuja na ufundi wao na kuukoleza uliokuwapo.

Mgeni anayetaka kufaidi malazi haya lazima kwanza afahamu kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya sitara. Ile kona ya ukumbini iliwekwa kwa makusudi: hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni ndani. Katika nyumba nyingi mgeni wa kiume alipandishwa chumba cha juu chenye ngazi yake karibu na mlango, asikutane na wanawake wa nyumbani. Paa nalo lilikuwa eneo la wanawake. Huko walianika nguo, walianika nafaka na kuzungumza na majirani wa paa la pili. Leo wageni hunywea chai juu ya mapaa hayohayo, na wengi hawajui kwamba kuchungulia ua wa jirani kutoka huko ni utovu mkubwa wa adabu. Picha ya mandhari ya mji inaruhusika. Picha ya mama anayeanika nguo hairuhusiki.

Msomaji aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atayaelewa haya upesi kuliko mtalii wa Ulaya. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, kinacholeta mwanga na hewa, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Vyumba vya riadi navyo ni vivyo hivyo, kwa sababu ileile ya miti. Kule pwani, boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa chumba. Kule Moroko upana huo uliamuliwa na mihimili ya mierezi iliyokatwa katika milima ya Atlasi ya Kati. Fundi hakuweza kutanua chumba zaidi ya urefu wa mti wake, basi akakirefusha ubavuni mwa ua.

Ua wenyewe ni mtambo wa kupoza nyumba. Marrakech wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huzama uani na kuingia vyumbani, na kuta nene za udongo au matofali huihifadhi ile baridi. Mchana jua linagonga paa na ukuta wa nje usio na madirisha, huku ua ukibaki kivulini kwa saa nyingi. Maji ya chemchemi na majani ya miti huongeza ubaridi kwa mvuke wake. Wenye hoteli wanaofunika ua kwa paa la kioo ili wateja wasilowe na mvua wanauharibu mtambo huu, kisha hulazimika kuwasha viyoyozi. Ila lazima niseme pia upande wa pili: nyumba hii iliyobuniwa kukimbia joto haina huruma na baridi. Mwezi Januari, usiku wa Marrakech hushuka hadi karibu nyuzi 5, Fez huwa baridi zaidi, na sakafu ya vigae haina joto hata kidogo. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa abebe sweta na soksi nzito, na aulize kabla ya kulipa kama chumba kina kipasha joto.

Ufundi uliomo ndani unastahili mtu akae kitako autazame. Vigae vya zeliji hutengenezwa kwa udongo wa Fez. Huchomwa, hupakwa rangi, huchomwa tena, kisha fundi huvikatakata kimoja kimoja kwa nyundo kali kuwa nyota, misalaba na pembe ndogondogo. Vipande hupangwa chini kifudifudi, uso wenye rangi ukiwa umefichika, na fundi anafuata picha iliyo kichwani mwake. Bafuni utakuta tadelakti, lipu ya chokaa ya Marrakech inayosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni. Sabuni na chokaa vinaungana kuwa ngozi isiyopitisha maji. Juu ya vigae kuna plasta iliyochongwa maandishi na maua, na juu kabisa kuna dari za mierezi zilizopakwa rangi. Kazi zote hizi hufanywa hata leo kwa mikono, na kusema kweli ni mapato ya nyumba za wageni yaliyowarudishia kazi mafundi wengi.

Kulala humo kuna taratibu zake. Mgeni hujaza fomu yenye namba ya pasipoti, ambayo hupelekwa polisi, na hulipa kodi ndogo kwa kila usiku. Vyumba ni vichache, na milango yote hufungukia uani. Anayezungumza na simu chini usiku wa manane anazungumza na nyumba nzima. Ngazi ni za mwinuko mkali, kwa hiyo mzee au mwenye maumivu ya magoti aombe chumba cha chini. Alfajiri adhana zinapokezana kutoka minara mingi. Asubuhi huletwa mikate bapa inayoitwa msemen, baghrir zenye matundu kama chapati za maji zilizoumuka, zeituni, asali na chai ya kijani yenye nanaa. Katika nyumba nzuri chakula cha jioni hupikwa ukikiagiza tangu asubuhi, kwa sababu mpishi hununua sokoni siku hiyohiyo.

Jiko hilo lina historia ambayo vipeperushi vya watalii hukwepa kuisimulia. Katika nyumba za matajiri wa Fez na Marrakech, waliopika walikuwa mara nyingi wanawake weusi waliovushwa jangwa la Sahara wakiwa watumwa, pamoja na wajukuu wao. Mengi katika mapishi yanayosifiwa leo yalipita mikononi mwao. Mwafrika anayekaa mezani katika ua huo anapaswa kulijua jambo hili.

Nyumba hizi zimekuwaje za wageni? Ufaransa ilipoitawala Moroko kuanzia mwaka 1912, mwakilishi wake mkuu huko, Jenerali Lyautey, aliamua kutoibomoa miji mikongwe. Akajenga miji mipya kando yake, kwa ramani za mpangamiji Henri Prost. Miji mikongwe ikaachwa ilivyo, lakini barabara pana, umeme na ofisi vilikuwa nje ya kuta. Familia zenye uwezo zikaanza kuhama, na baada ya uhuru wa mwaka 1956 nyingi zilikwenda Casablanca na Rabat. Nyumba iliyojengewa ukoo mmoja ikapangishwa chumba kimoja kimoja kwa watu waliotoka mashambani. Warithi waliongezeka, kila mmoja na fungu lake, na hakuna aliyetaka kulipia paa. Mwaka 1966 mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenzake Pierre Bergé walinunua nyumba katika mji mkongwe wa Marrakech. Wageni matajiri wakafuata mmoja mmoja. Wimbi kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya mwaka 2002 kuhusu malazi ya watalii ikaitambua nyumba ya wageni kuwa aina ya malazi inayojitegemea.

Nyumba zilizokuwa zinaanguka ziliokolewa. Hilo ni jema kubwa. Lakini mtaa wa mji mkongwe unategemea vitu vya pamoja: msikiti, chemchemi ya umma, tanuri la mkate na hamamu. Nyumba kumi za mtaa zikigeuka zote za wageni, nani atapeleka unga wake kwenye tanuri? Watoto watatoka wapi? Tazama pia habari ya maji. Moroko imepitia miaka mingi ya ukame mfululizo, na mwaka 2024 mamlaka za miji kadhaa ziliamuru hamamu zifungwe siku tatu kila wiki. Wakati huohuo riadi nyingi zimechimba vidimbwi vya kuogelea uani palipokuwa na bustani, na unyevu wake unapanda kwenye kuta za kale. Siioni haki katika jambo hilo.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunahusika na Fez kwa njia isiyojulikana na wengi. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Maelezo ya safari zake yaliandikwa Fez na mwandishi Ibn Juzayy, yakakamilika mwaka 1355, kwa amri ya Sultani Abu Inan. Madrasa aliyoijenga sultani huyo, Bou Inania, bado imesimama, na ua wake wa marumaru, plasta na mierezi uko wazi kwa wageni. Mswahili anayelala Fez asiondoke bila kuingia humo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaaliwa kwenda, iwe kwa ziara, masomo au Kombe la Dunia la 2030 ambalo Moroko itaandaa pamoja na Hispania na Ureno, lala riadi. Lakini kabla ya kulipa, uliza kama nyumba inaajiri watu wa mtaa, kama ua wake ungali wazi juu, na mkate wa asubuhi unaokwa wapi. Wakikwambia unatoka tanuri la mtaani, chukua chumba hicho.